Timu ya Mtaa Ikikua, Nani Anashika Daftari?

Jumamosi moja, saa moja asubuhi, nilikaa kwenye benchi la mbao kando ya kiwanja cha vumbi upande wa Temeke, Dar es Salaam. Watoto kama arobaini walikuwa wanagombea mipira mitatu. Kocha wao, kijana wa bodaboda aliyeegesha pikipiki nyuma ya goli, alikuwa amewagawa kwa rangi za fulana walizotoka nazo nyumbani, maana vizibao vyote vilikuwa vimechukuliwa na timu ya wakubwa, iliyokuwa na mechi ya ndondo jioni ile. Mama mmoja mwenye beseni la maandazi akasimama, akatazama kwa muda, kisha akamwita.

"Kocha, mwanangu nimemlipia mia tano yake. Mbona tangu nifike hajagusa mpira?"

"Shikamoo mama. Mipira tunayo saba. Minne imekwenda na kaka zao."

"Marahaba. Itarudi lini?"

"Jumatatu, mama."

Jumatatu watoto wako shule. Yule mama hakusema neno. Alijitwika beseni lake akaondoka, na wiki iliyofuata mwanawe hakuonekana kiwanjani.

Nimelikumbuka jibu lile mara nyingi, kwa sababu ndani yake mna habari ya klabu nyingi za mtaani zinazokua. Klabu ile ilianza kama zinavyoanza nyingine zote: vijana wa rika moja waliokuwa wakicheza chandimu wakachanga wakanunua jezi. Sasa ina watoto wa chini ya miaka 13, wa chini ya 15 na wa chini ya 17, ina timu ya wakubwa katika ligi ya wilaya, ina maveterani wanaokimbia Jumapili asubuhi, na ina wasichana wanaouliza zamu yao itafika lini. Viongozi bado ni walewale watatu wa mwanzo. Daftari ni moja, kaunta buku lenye jalada jekundu, nalo hulala nyumbani kwa katibu.

Swali ni hili: klabu ya namna hii iendeshwe vipi ili kukua kwake kusiwe ndiyo kufa kwake? Jibu langu nalitoa mapema. Mambo mawili ndiyo yanayoamua: nani anashika daftari, na nani anahudumiwa kwanza kati ya watoto na wakubwa. Klabu inayokosea hapo haitaokolewa na mfadhili wala kikombe.

Kupanda daraja na gharama zake

Mpira wa Tanzania Bara una ngazi ndefu. Chini kabisa kuna ligi za wilaya, ambazo wengi wanaziita Daraja la Nne. Juu yake kuna ligi ya mkoa, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha First League, kisha Championship, na kileleni Ligi Kuu yenye timu 16. Kila klabu ya mtaani ina ndoto ya kuikwea ngazi hiyo, na ndoto hiyo ni halali. Shida ni kwamba wengi huhesabu pointi za kupanda bila kuhesabu nauli ya kubaki juu.

Katika ligi ya wilaya, timu inaweza kwenda uwanjani kwa miguu au kwa daladala. Ikifika ligi ya mkoa, safari zinaongezeka na ada za ushiriki zinapanda. Ikitwaa ubingwa wa mkoa, itatakiwa kusafiri hadi kituo kilichopangwa katika mkoa mwingine, ilale huko, ile huko na itibu majeruhi huko. Kupanda daraja kuna sherehe ya usiku mmoja na madeni ya msimu mzima. Deni likibana, kiongozi hutafuta kitu kilicho karibu cha kukopa, na kilicho karibu kila siku ni mali ya watoto: mipira yao, vizibao vyao, ada zao, saa zao za kiwanja, na hata kocha wao, ambaye huitwa akawe msaidizi kwenye benchi la wakubwa.

Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Timu ya wakubwa ndiyo inayojaza watu pembeni ya kiwanja, ndiyo inayotajwa kwenye redio, ndiyo inayomleta diwani kukabidhi jezi. Watoto hawana mashabiki, na mtoto aliyeacha kuja mazoezini haandiki barua ya kujiuzulu. Ndiyo maana hasara yake haionekani mpaka miaka sita baadaye, pale klabu inapotafuta beki wa kushoto wa miaka 19 na kukuta haina hata mmoja iliyemlea, halafu inakwenda kununua mamluki wa mechi moja.

Mwenye timu ni nani?

Ukiuliza swali hili mtaani utajibiwa kwa jina la mtu: "Ile timu ya fulani." Huyo fulani mara nyingi ni mtu mwema aliyetoa fedha yake na usingizi wake. Lakini timu ikiwa ya mtu, maisha yake ni maisha ya mtu. Mwenye timu akihamishwa kikazi, akiugua, akigombana na ndugu zake au akichoka, jezi zinaingia kwenye gunia na watoto wanarudi barabarani.

Sheria inatambua hatari hiyo. Tangu Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, michezo ya Tanzania ina baraza lake, na klabu inatakiwa kusajiliwa kwa Msajili wa vyama na vilabu vya michezo ikiwa na katiba, wanachama na viongozi wanaofahamika. Wengi huichukua kazi hiyo kama usumbufu wa ofisini. Mimi naiona kama bima. Katiba ya kurasa chache inayosema mwanachama ni nani, mkutano mkuu unaitishwa lini, nani anatia saini kutoa fedha na mali inakwenda wapi klabu ikivunjika, ndiyo inayoitenganisha klabu na mfuko wa suruali ya mwenyekiti.

Historia ya karibu inatufundisha. Mbagala Market ilikuwa timu yenye jina la mahali pake. Ilipopata mmiliki mwingine ikawa African Lyon. Ihefu ilizaliwa Mbarali, mkoani Mbeya, ikapanda hadi Ligi Kuu, na mwaka 2024 ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Mauzo ya namna hiyo yanaweza kuwa halali kabisa na yanaweza kuleta fedha ambazo mtaa usingezipata kamwe. Hata hivyo kila mtaa wenye timu unapaswa kujiuliza mapema: akija mtu na fedha, nani ana mamlaka ya kusema ndiyo? Na watoto wa chini ya miaka 13 watabaki na nini nafasi ya ligi ikiondoka? Hata Simba, klabu iliyoanzishwa mwaka 1936, ilipita kwenye mjadala mzito wa umiliki ilipoanza safari ya mabadiliko, na serikali ikaelekeza wanachama wabaki na asilimia 51. Ikiwa jitu kama hilo lililazimika kuandika hisa zake karatasini, timu ya mtaa haina sababu ya kutegemea maneno ya mdomo.

Mlezi naye apewe mipaka yake. Mlezi ni heshima kubwa, na akitoa jezi ashukuriwe mbele za watu. Lakini jezi za msimu wa uchaguzi zisinunue kiti cha uamuzi. Klabu iliyofungamana na mgombea mmoja humpoteza mzazi wa upande wa pili, na mtoto wa mzazi huyo huondoka naye.

Mifuko miwili

Tuchukue mfano wa hesabu. Klabu ina watoto 60, kila mmoja anatakiwa kuleta shilingi 500 kila Jumamosi. Wakilipa wote, ni shilingi 30,000 kwa wiki, yaani 120,000 kwa mwezi wa Jumamosi nne. Kwa uhalisia nusu ndio watakaolipa, kwa hiyo zinabaki 60,000. Fedha hiyo ni ndogo, lakini ni ya uhakika kuliko ahadi ya mfadhili: inaweza kulipa nauli ya kocha, chokaa, maji na akiba ya kununua mpira mmoja kila baada ya muda. Timu ya wakubwa ikikodi Coaster kwa safari moja, fedha yote hiyo inaweza kuyeyuka kati ya asubuhi na jioni.

Kwa sababu hiyo klabu inayokua inahitaji mifuko miwili isiyochanganyika. Wa kwanza ni wa watoto na vijana: ada zao, michango ya wazazi wao na sehemu maalumu ya kila kinachoingia kwenye klabu. Wa pili ni wa wakubwa: michango ya wachezaji wenyewe, zawadi za mabonanza, udhamini wa wenye maduka, viingilio pale vinapopatikana. Mfuko wa pili unaweza kuusaidia wa kwanza. Wa kwanza usiukopeshe wa pili hata kwa siku moja. Sheria hii iandikwe kwenye katiba, kwa sababu mwenyekiti mwenye mechi ya fainali kesho yake hatakuwa na moyo wa kuikumbuka.

Fedha zenyewe zipite njia inayoonekana. Siku hizi karibu kila mchango unatumwa kwa simu, na hapo ndipo pa kuanzia: namba ya kupokelea michango iwe ya klabu, isiwe laini ya katibu anayopokelea pia fedha za mchele wa nyumbani kwake. Kutoa fedha kuhitaji watu wawili. Mwisho wa mwezi mweka hazina asimame kiwanjani, wazazi wakiwepo, asome kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Dakika kumi zinatosha. Nimeshuhudia klabu ambayo michango ya wazazi ilikuwa imekauka. Ilipoanza kusoma hesabu hadharani, wazazi waliokuwa wakinung'unika pembeni walianza kuleta hata zaidi ya walichoombwa. Mtu hachoki kuchanga. Anachoka kutojua.

Kuhusu ndondo na mabonanza, sina ugomvi nayo. Ndiyo shule ya ujasiri ya mpira wetu; mchezaji aliyepiga penalti mbele ya mashabiki wa Tandika waliosimama hadi kwenye mstari hatatishwa na uwanja wowote. Yaliyokwenda mrama ni mazoea ya kuigeuza zawadi ya mbuzi au ya jezi kuwa mpango wa msimu. Timu inamwalika mamluki kutoka kata ya jirani, inampa posho ya siku, na kijana wake wa miaka 18 aliyefanya mazoezi wiki nzima anakaa nje. Kombe linaweza kuja nyumbani, lakini kijana yule amejifunza kwamba uvumilivu hauna malipo katika klabu yake.

Vijeba

Hakuna neno linalouma katika soka la vijana kama "kijeba". Kijeba ni mchezaji aliyepunguziwa umri ili acheze na wadogo zake, na Tanzania imeshalipa gharama ya neno hilo hadharani: Serengeti Boys, timu yake ya taifa ya vijana, walifuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia mwaka 2005, kisha wakaenguliwa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria, FIFA inatumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kukagua umri. Ujanja wa karatasi siku hizi unagonga mashine.

Lakini kijeba haanzii timu ya taifa. Anaanzia kwenye kiwanja cha vumbi, siku kocha wa chini ya miaka 13 anapotaka kikombe kuliko anavyotaka wachezaji. Kijeba akipangwa, mtoto mmoja wa umri halali anakaa benchi, na mwingine anapambana na mwili unaomzidi miaka minne. Yule kijeba mwenyewe naye anadanganywa, maana anashinda kwa kimo na hajifunzi kutumia mguu wa kushoto. Siku wenzake wanapomfikia kwa kimo, anagundua kwamba hana kitu kingine.

Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa: klabu isimwandikishe mtoto kwa maneno, imsaidie mzazi asiye na cheti kukifuatilia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na nakala ikae kwenye jalada. Ya pili ni kubadili kipimo cha kazi ya kocha wa watoto. Kwa umri ule, kocha mzuri hupimwa kwa idadi ya watoto waliorudi wiki iliyofuata na kwa mara ambazo kila mmoja amegusa mpira. Kiwanja kikubwa kigawanywe vinne, magoli yawe matofali au koni, watoto wacheze watano kwa watano au saba kwa saba, na wadogo watumie mpira namba 4. Watoto arobaini kwenye kiwanja kimoja kizima ni mbio za kufukuza vumbi. Watoto haohao kwenye viwanja vidogo vinne ni mazoezi ya mpira. Mafunzo ya ngazi ya mwanzo ya CAF, leseni D, yapo kwa ajili ya kazi hii hasa, na klabu inayopata fedha ya ziada ni heri impeleke kocha mmoja huko kabla ya kununua seti ya tatu ya jezi.

Daftari ni mtaji

Hapa ndipo lile kaunta buku jekundu linapogeuka dhahabu. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya fedha ya mauzo inagawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu iliyokuwa naye inastahili asilimia 0.25 ya fedha hiyo. Kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23, asilimia 0.5. Mchezaji akiuzwa kwa dola 1,000,000, klabu iliyomlea tangu 12 hadi 17 ina haki ya dola 20,000. Fedha hiyo inaweza kuendesha soka la watoto la mtaa mzima kwa miaka. Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA ina chombo chake mjini Paris kinachokusanya na kugawa malipo hayo kwa kufuata kumbukumbu za usajili.

Zingatia maneno hayo: kumbukumbu za usajili. Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, alipita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, akatwaa ubingwa wa klabu Afrika 2015, akahamia Genk, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza akiwa Aston Villa. Safari kama hiyo inapita kwenye mikono mingi, na klabu inayoweza kudai fungu lake ni ile tu iliyojiandikisha kwenye chama cha soka na kumsajili mchezaji rasmi kwenye mfumo. Kocha aliyemfundisha kijana kupiga chenga kwenye mchanga akiwa na miaka 12, bila klabu yake kusajiliwa, ataishia kumwonyesha kwenye televisheni akisema, "Yule nilimfundisha mimi." Kauli yake ni ya kweli, lakini haina stakabadhi.

Nasema haya nikiwa na hofu moja. Watoto walio wengi hawatauzwa popote, na klabu ikianza kuwatazama kama mahindi shambani imepotea. Mawakala wa uongo wanaipenda sana klabu yenye tamaa hiyo. Kanuni za FIFA zinakataza, isipokuwa katika mazingira machache, mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine. Mtu akija kwa mzazi na ahadi ya majaribio ya nje kwa kijana wa miaka 15, akitaka fedha ya pasipoti na tiketi, kiongozi wa klabu ana wajibu wa kumwambia mzazi ukweli huo kabla ng'ombe au kiwanja hakijauzwa. Daftari liandikwe kwanza kwa ajili ya usalama wa mtoto: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, simu ya mzazi, ugonjwa alionao kama upo. Fedha ikija, itakuwa baraka juu ya kazi iliyokwisha kufanywa.

Funzo la Mathare

Mfano mkubwa tulio nao Afrika Mashariki uko Nairobi. Mwaka 1987 ilianzishwa Mathare Youth Sports Association, MYSA, katika mtaa ambao takataka zilikuwa zimejaa kwenye mitaro. Mwanzilishi alikuwa Bob Munro kutoka Kanada, lakini kilichoifanya idumu ni utaratibu uliowekwa mikononi mwa vijana wenyewe. Timu zilipata pointi za ligi kwa kusafisha mazingira, zikajumlishwa na zile za kushinda mechi. Waliojitolea kufundisha, kuchezesha na kusafisha walijikusanyia pointi zilizowasaidia kupata karo ya shule. Wasichana waliingia mwaka 1992. Mathare United, timu ya wakubwa, ilianzishwa mwaka 1994, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya.

Tazama mpangilio wa miaka hiyo. Miaka saba ya watoto ndiyo iliyotangulia timu ya wakubwa. Mathare United ilipozaliwa, haikukuta mtaa mtupu. Ilikuta maelfu ya vijana waliokwisha kujua ratiba, nidhamu na daftari. Wachezaji wake nao walikuwa na wajibu wa kurudi kufanya kazi kwenye jamii iliyowalea. Miaka ya karibuni timu hiyo imeonja machungu ya kushuka daraja, na hapo somo linazidi kukolea: matokeo ya wakubwa yalipoyumba, msingi wa watoto haukuwa umejengwa juu yao, kwa hiyo haukuanguka nao.

Kwetu kinyume chake ndicho cha kawaida. Timu ya wakubwa hutangulia, halafu watoto huongezwa kama kiambatisho. Anayejikuta katika hali hiyo hana haja ya kuvunja alichonacho. Anaweza kuweka daraja kati ya pande mbili: kila mchezaji wa timu ya wakubwa awe na kundi la watoto analolisaidia angalau Jumamosi moja kwa mwezi, nafasi kadhaa kwenye kikosi cha wakubwa ziwe za vijana waliotoka chini, na zisitolewe kwa mamluki hata kama kuna fainali, na ratiba ya mazoezi ifuate kalenda ya shule. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, wa kidato cha nne ni Novemba. Klabu inayompumzisha kijana wiki hizo bila kumpokonya nafasi yake itampata Januari akiwa na moyo uleule, na mzazi wake atakuwa shabiki wa kudumu.

Wasichana, kiwanja na usalama

Wasichana wanapouliza zamu yao, jibu la kawaida ni "tukipata fedha". Oktoba 2022, Serengeti Girls chini ya kocha Bakari Shime waliiwakilisha Tanzania kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India. Waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Hakuna timu ya soka ya Tanzania, ya umri wowote, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imewahi kufika Kombe la Dunia la FIFA kabla yao. Baada ya hapo, klabu inayowaweka wasichana mwisho wa foleni inajinyima yenyewe. Wapewe siku yao, mipira yao, na mwanamke mmoja angalau kwenye uongozi wa timu yao.

Usalama wa watoto haujadiliwi kwa sauti kwenye mpira wetu, na unapaswa kujadiliwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo timu ya chini ya 17 nzima ni watoto, hata yule mwenye ndevu. Watoto wasisafiri na mtu mzima mmoja peke yake. Wasilale chumba kimoja na kocha. Mzazi atie saini ya ruhusa kabla ya safari. Kocha anayepiga au kutukana aonywe, na anayemgusa mtoto vibaya apelekwe polisi, asihamishiwe timu ya jirani kimyakimya.

Kiwanja nacho ni uhai. Dar es Salaam imemeza viwanja vingi vya wazi, na klabu nyingi zinaishi kwa hisani ya shule. Hisani hiyo iandikwe: barua kwa mwalimu mkuu na serikali ya mtaa, siku na saa za matumizi, na klabu ijitolee kufyeka nyasi na kufukia mashimo. Kituo cha michezo cha vijana kilichofunguliwa Kidongo Chekundu mwaka 2015 kwa jina la Rais Jakaya Kikwete kilionyesha kinachowezekana pale ardhi ya katikati ya jiji inapotengwa kwa ajili ya mpira. Kenya, Uganda na Tanzania zinapojiandaa kwa AFCON ya 2027, viwanja vikubwa vinapata nyasi na taa. Wachezaji watakaovijaza miaka kumi baadaye leo wako kwenye vumbi, na vumbi hilo halina hati.

Tunachoweza kufanya kesho

Sijaandika haya ili kumlaumu yule kocha wa bodaboda. Yeye ndiye aliyekuwepo saa moja asubuhi, bila mshahara, na watoto arobaini. Lawama ni ya mpangilio uliomwachia mipira mitatu. Klabu ya mtaa inayokua imebeba kitu ambacho serikali na mashirikisho hayawezi kukifanya kwa niaba yake: inajua jina la kila mtoto na mlango wa nyumba yao. Ikiweka majina hayo kwenye daftari lenye nakala, ikiyalinda mafungu yao na ikiwapa saa zao bila kuzikopa, timu ya wakubwa itapata wachezaji bila kununua na mtaa utapata watu wazima waliolelewa. Ikishindwa hapo, itabaki na picha za kombe ukutani na jezi kwenye gunia.

Ndugu kiongozi wa klabu, huhitaji kusubiri mfadhili ili uanze. Jumamosi ijayo, kabla timu ya wakubwa haijapanda daladala, hesabu mipira inayobaki kiwanjani. Ikiwa haiwatoshi watoto, ishushe ile iliyopakiwa.